Askari wa Thelathini na Sita

Wiki iliyopita mkebe wa hesabu wa mtoto mmoja ulipotea darasani kwangu, hapa Nachingwea. Mwalimu mwenzangu, mtu wa haraka haraka, akawapanga watoto ukutani na kuwaamuru wageuze mifuko yao nje. Mimi nilisimama mlangoni, nikajikuta siangalii mifuko hata kidogo. Nilikuwa naangalia midomo yao, mmoja baada ya mwingine. Mkebe ulionekana juu ya dirisha, alikouweka yule mtoto mwenyewe, na watoto wakacheka wakarudi kwenye madawati. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Nyumbani, ndani ya kipochi changu cha zamani, kuna kipande cha mbao kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kimepakwa rangi nyeusi, na kichwani kina ukanda mwembamba wa shaba. Nimekaa nacho tangu nikiwa darasa la sita, nimehama nacho chuoni, nimeolewa nacho. Si changu. Jumamosi nilikipeleka Ruangwa kwa mwenyewe, lakini nikianza na Ruangwa hutanielewa. Ngoja nianze na meza.

Shule yetu ilikuwa kijijini, njia ya kwenda Mnero, na mwalimu wetu wa historia alikuwa na sanduku dogo la mbao ambalo hakuna shule nyingine katika wilaya iliyokuwa nalo. Mgeni mmoja aliyewahi kujitolea kwenye zahanati ya Mnero alimwachia alipofunga mizigo kurudi kwao. Ndani mlikuwa na ramani iliyokunjwa mara nne, imechorwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, dadu moja, na vipande vya mbao thelathini na sita. Ulikuwa mchezo wa vita ya Waterloo. Vipande vya buluu vilikuwa Wafaransa wa yule mfalme mfupi ambaye jina lake unalijua, vyekundu Waingereza, na vyeusi tisa walikuwa Waprusia.

Kila Jumatano baada ya masomo, mwalimu alitandika ramani ile darasani, na vita ikaanza upya. Alitusimulia jinsi mvua ilivyonyesha usiku kucha, na Wafaransa wakasubiri ardhi ikauke karibu mpaka adhuhuri kwa sababu mizinga ilikuwa ikizama kwenye tope. Sisi tulielewa vizuri sana. Mtoto yeyote wa huku ameshuhudia lori la korosho likilala barabarani siku mbili kwa ajili ya tope. Alitueleza pia kwamba Waprusia walikuwa mbali, wako njiani, na swali la siku nzima lilikuwa moja tu: watafika kabla kilima walichosimama Waingereza hakijachukuliwa, au watakuta watu wameshazika? Alikuwa na maneno yake mawili ambayo hakuchoka kuyarudia. La kwanza, "Kwenye meza hii hakuna mkubwa, kuna zamu." La pili alilisema kila tulipofungua sanduku na kila tulipolifunga, huku tukihesabu wote kwa sauti: "Thelathini na sita wametoka, thelathini na sita warudi."

Mwenzangu wa dawati alikuwa mtoto wa wafugaji. Walikuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, familia nne, wakajenga ng'ambo ya bonde. Alipofika alikuwa hajawahi kuona bibo, akaling'ata moja pamoja na korosho yake mbichi, midomo ikamvimba wiki nzima, nasi tukamcheka mpaka tukachoka. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitenga korosho na tunda. Yeye alinifundisha kupiga mluzi wa kuita ndama, jambo lililomuudhi sana bibi yangu, kwa sababu msichana wa Kimwera hapigi mluzi. Kwenye ule mchezo tulikuwa sawa. Jumatano hii ananifunga, ijayo namfunga.

Mwaka ule mambo yaliharibika mwezi mmoja kabla ya Ramadhani. Bibi alikuwa amevuna ufuta, akaufunga matita na kuyasimamisha shambani yakauke. Kama hujawahi kulima ufuta, ujue kwamba ukishakauka hautaki kuguswa. Vile vibweta vyake vinafunguka midomo, na ukitikisa tita moja tu umemwaga. Asubuhi moja tulikuta ng'ombe wamepita katikati. Matita yote yalikuwa chini, yamekanyagwa, na mbegu zimechanganyika na mchanga. Bibi hakulia wala kutukana. Alichukua fagio na ungo, akaanza kufagia ardhi ya shamba kama mtu anayefagia ukumbi, mimi nikipepeta, na jioni tulikuwa na ndoo moja ya ufuta wenye mchanga. Ng'ombe walikuwa wa nani hakuna aliyejua. Ng'ambo kulikuwa na familia nne. Lakini kijijini kwetu familia nne zilishakuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na sura ya mwenzangu wa dawati.

Nilihama dawati. Sikumwambia kwa nini, na yeye hakuuliza.

Fainali ya mchezo ilipangwa siku ya kufunga shule, na kwa bahati mbaya waliobaki tulikuwa mimi na yeye. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Alfajiri mashine za kupuliza salfa, ile dawa ya unga, zilikuwa zimenguruma kwenye mikorosho, na mpaka alasiri ile harufu yake ilikuwa bado imekaa darasani. Wazazi walikuwa wamekuja kuchukua ripoti, wakajaa madirishani. Mjomba wangu akaniita pembeni na kuninong'oneza, "Leo usituaibishe. Ufuta wetu wameshakula, na hili nalo wachukue?" Nilikuwa na njaa na kiu, na maneno yale yaliniingia kama dawa. Nyuma yangu walisimama watoto wa wakulima, darasa karibu zima. Nyuma yake walisimama watoto wanne.

Mwalimu aliona, hakupenda. "Jamani," alisema, "hii ni vita ya wazungu waliokwisha kufa zamani." Hakuna aliyecheka.

Dadu ilinipa mimi Wafaransa. Kazi yangu ilikuwa kukichukua kilima katika zamu nane. Yeye alikuwa na Waingereza juu ya kilima, na Waprusia wake tisa wakisubiri nje ya ramani, kwenye kisosi cha chai, upande wa mashariki. Kuanzia zamu ya nne angerusha dadu. Akipata sita, kamanda wa Waprusia, yule mwenye ukanda wa shaba, anaingia na wenzake wote. Bila kamanda hakuna anayeingia. Ndiyo ilivyokuwa sheria.

Nilicheza kwa hasira, na hasira ilinisaidia kwa muda. Zamu ya nne alirusha, akapata mbili. Zamu ya tano, tatu. Nilikuwa nimebakiza vyumba viwili kufika kileleni, wekundu wake wakipungua. Zamu ya sita alipulizia viganja vyake, akarusha, ikaja moja. Mjomba akapiga kofi dirishani. Zamu ya saba nilisogeza mbele, kikabaki chumba kimoja. Nilikuwa na uhakika wa kushinda, na nilikuwa na uhakika pia kwamba nikishindwa sitaweza kuingia nyumbani kwa bibi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuamini vitu hivyo vyote kwa wakati mmoja.

Yeye akarusha. Dadu iligonga ukingo wa meza, ikaruka, ikaanguka chini na kubingirika mpaka chini ya dawati la mbele. Wote waliinama. Yeye, mwalimu, watoto wa nyuma yangu na wa nyuma yake, walio dirishani wakachomoza vichwa ndani kuangalia sakafuni. Kwa miaka mingi nimejaribu kujiambia kwamba mkono wangu ulikwenda wenyewe. Si kweli. Niliona migongo yao, nikaona kisosi, nikachagua. Nilimchukua kamanda nikamtia mdomoni.

"Sita!" walipaza sauti kutoka chini ya dawati.

Mwenzangu aliinuka akitabasamu, meno yote nje. Akanyoosha mkono kwenye kisosi, mkono ukasimama hewani. Akahesabu kwa macho. Akainama tena, akaangalia chini ya meza, chini ya ramani, chini ya miguu yake. Ulimi wangu ulikuwa umeshaonja rangi na shaba, na mate yalianza kujaa.

Mwalimu alisimamisha mchezo. Alihesabu mwenyewe, taratibu, akiweka kila kipande sandukuni. Akaishia thelathini na tano. Kisha akafunga mlango na kusema hakuna atakayetoka mpaka askari wake arudi.

Mifuko iligeuzwa. Mabegi yalimwagwa. Mwalimu alipita kwa kila mtoto akiuliza, "Umekiona?" na kila mtoto akajibu hapana kwa sauti. Alipobakiza watoto watatu kunifikia, nilijua nimekwisha. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho kingewezekana mwezi ule tu. Wewe uliyekulia huku unakumbuka jinsi watoto wanaofunga wanavyoogopa hata kumeza mate yao wenyewe, wanashinda wakitema. Walimu wote walizoea. Mtoto akionyesha mdomo wake kwa kidole, anaruhusiwa kutoka. Nikaonyesha mdomo. Mwalimu akasita. Mjomba akasema kutoka dirishani, "Mwache akateme, Mwalimu. Kafunga huyo tangu alfajiri, atakuibia nini?"

Nikafunguliwa mlango. Nilizunguka nyuma ya darasa, nikamtema kamanda kiganjani, nikamfunga kwenye pindo la mtandio wangu. Ningeweza kumwangusha palepale kwenye nyasi, aje aokotwe baadaye na mtu yeyote, na mambo yangeishia hapo. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko unavyodhani. Lakini niliogopa kwamba akionekana nje watajua nani alitoka nje. Nikarudi ndani naye.

Nilikuta zamu yangu ya kuulizwa imeshapita na watu wamekwisha kuamua. "Kisosi kilikuwa upande wa nani?" aliuliza mtu dirishani. "Si upande wake?" Mwalimu akauliza kwa ukali kwa nini mtoto ajiibie kamanda wake mwenyewe, tena dakika aliyopata sita. Lilikuwa swali zuri na halikumsaidia mtu. "Ile shaba," akajibu mwingine, "wanatengenezea urembo." Na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, hawa wana mambo yao, walianza na mashamba, sasa wameingia shuleni.

Mwenzangu wa dawati alikuwa amesimama katikati ya vitu vyake vilivyomwagwa: daftari mbili, kamba, chupa tupu ya maziwa. "Sijachukua mimi," alisema. Akasema tena. Halafu akageuka, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakumbuka kitu.

"Wewe hukuinama," aliniambia. "Sisi wote tuliinama, wewe ulibaki umesimama. Si ulikuwa unaona meza? Sema basi."

Darasa zima likanigeukia. Mdomo wangu sasa ulikuwa mtupu kabisa, sikuwa na kisingizio.

"Sikuona," nilisema.

Aliniangalia kidogo tu, labda muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Nadhani alijua palepale. Akachuchumaa, akaanza kukusanya vitu vyake.

Jioni ile bibi alipika futari ya mihogo kwa nazi, na uji wenye pilipili manga ninaoupenda mpaka leo. Adhana ilipoita nilishika kikombe, nikashindwa kumeza. Ladha ya ile rangi ilikuwa bado ipo. "Mke mwenzangu," bibi alinitania, "leo umefunga mpaka umesahau kufungua?" Nikamwambia tumbo linauma. Akanitengenezea maji ya moto yenye tangawizi na kunikanda mgongo, na kila alivyozidi kunihurumia ndivyo nilivyozidi kujichukia.

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Tulisikia baba yake amesema kwamba mwanawe hasomi mahali anapoitwa mwizi. Kwenye mkutano wa kijiji kile kipande cha mbao kilitajwa pamoja na matita ya ufuta, kana kwamba vina uzito mmoja, na kabla korosho hazijaanza kudondoka zile familia nne zilihama kuelekea Mandawa. Niliwaona wakipita barabarani. Yeye alikuwa nyuma, akiswaga ndama, amevaa shati la shule ambalo beji yake ilikuwa imebanduliwa. Kijana aliyekuwa wa pili darasani kwa hesabu. Midomo yangu niliiweka tayari kwa ule mluzi, sikuupiga.

Mwanzoni sikukirudisha kipande kwa sababu ya woga. Baadaye mwalimu alihamishwa, nikajiambia nimechelewa. Baadaye bibi alifariki, mjomba akazeeka, na ikawa ni mazoea, jambo ninalolihamisha kutoka kipochi hiki kwenda kingine.

Jumamosi basi nilipanda gari asubuhi, nikaulizia Ruangwa mjini nyumba ya mwalimu mstaafu wa historia, nikaonyeshwa na mtoto wa kwanza niliyemuuliza. Alikuwa barazani, amevaa miwani iliyofungwa uzi. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba," akajibu, kisha akanichunguza, akanitambua, akafurahi sana. Alipojua nafundisha aliniita mwalimu mwenzake. Mkewe akaleta chai na magimbi. Nilikaa na kikombe changu nikijibu maswali ya salamu. Mwisho nikafungua kipochi, nikakiweka kipande mezani na kumweleza yote. Mdomo, mate, mtandio, na lile neno moja nililolisema.

Mwalimu aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akarudi na sanduku. Nililitambua kabla hajaliweka chini. Akalifungua, akaanza kuvipanga vipande mezani kama zamani, na bila kuambizana tukajikuta tunahesabu wote wawili kwa sauti. Buluu, kumi na nne. Wekundu, kumi na tatu. Tukaanza weusi. Nilijua tutaishia thelathini na tano, nilishajiandaa.

Tukafika thelathini na sita.

Wa mwisho hakuwa wa mbao. Alikuwa wa pembe ya ng'ombe, amechongwa kwa kisu na kusuguliwa mpaka akang'aa, na kichwani alikuwa na kipande cha bati la kengele, ile wanayomvisha ng'ombe wa mbele.

"Alikuja nacho mwaka uliofuata," mwalimu alisema. "Mimi nilikuwa nimeshahamia huku. Alikuja siku ya mnada, anaswaga ng'ombe wawili wa baba yake kutoka Mandawa. Akaniambia, 'Mwalimu, sikuchukua mimi. Lakini hesabu yako isipungue kwa ajili yangu.'"

"Yuko wapi sasa?"

"Walihama tena. Nilisikia Tunduru. Halafu sikusikia."

Alichukua kipande changu cha mbao, akakiangalia kwa karibu, akakiweka mezani pembeni ya kile cha pembe. Thelathini na saba. Akaanza kuwarudisha askari sandukuni, mmoja mmoja, na alipowamaliza nafasi zote zilikuwa zimejaa, kifuniko kikafunga vizuri. Changu kilibaki mezani, kando ya kisahani cha magimbi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko fimbo, "mimi sikupungukiwa na kitu." Akanisogezea.

Wakati wa kurudi niliomba kushushwa kijijini kwetu, nikatembea mpaka ng'ambo ya bonde. Darasa letu lile limebomolewa, limejengwa jipya lenye vigae. Mashine za salfa siku hizi ni nyingine, hata harufu yake imepungua. Huku ng'ambo hakuna alama ya nyumba wala zizi, wamelima watu wetu. Ila kuna sehemu moja, duara pana, ambapo mahindi yanasimama marefu na mabichi kuliko shamba lote. Samadi ya miaka ile bado inayalisha. Mwenye shamba, binamu yangu, alinipungia mkono kutoka mbali, akanipigia kelele kwamba ardhi ya hapa ni baraka tupu, haijui mbolea.

Nilisimama katikati ya duara lile, kipande kikiwa kiganjani, nikabinua midomo na kupiga ule mluzi wa kuita ndama. Bado naujua. Nikangoja kidogo, kisha nikaupiga tena.